Dakika 180 Bila Bao: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Suluhu ya Watani wa Jadi

Mara hii barua tatu zimefika zikizungumzia jambo moja, nami nimeona ni heri kuzijibu pamoja kuliko kuzitawanya katika matoleo matatu.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni shabiki wa Simba, mkazi wa Tandika, Dar es Salaam, na baba wa watoto wanne ambao watatu kati yao nimefanikiwa kuwavisha jezi nyekundu. Nina jambo lililonikaa rohoni tangu Jumamosi ya tarehe 30 Aprili 2022, siku Simba na Yanga zilipotoka suluhu ya 0-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa mara ya pili ndani ya msimu mmoja. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Niliondoka nyumbani mapema nikiwa nimefunga, nikakaa mzunguko, na magharibi ilinikuta pale pale kwenye kiti. Nilikuwa na tende tatu nilizozifunga kwenye leso. Mbili nilifuturia, nikashushia maji ya chupa niliyopewa na jirani nisiyemjua, na ile ya tatu nikaiwekea nadhiri kwamba nitaila bao letu likiingia. Niliirudisha nyumbani mfukoni, na mke wangu aliikuta siku ya kufua.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mwana Yanga wa kutupwa. Kila tukikutana kwenye shughuli ya familia hunikumbusha kwamba suluhu zile mbili ndizo zilizowapa ubingwa na kutuvua taji tulilokuwa tumelishika misimu minne mfululizo. Mimi humjibu kwamba kocha wetu aliogopa, vinginevyo tungewafunga. Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, je, ni kweli ubingwa ule uliondokea kwenye suluhu zile? Pili, kwa nini kipigo cha 5-1 cha tarehe 5 Novemba 2023, ambacho kilinilaza kitandani, kilinitoka moyoni baada ya wiki mbili, ilhali mechi ambayo hatukufungwa bado inanikera hadi leo?

Msomaji wa Tandika

JIBU

Ndugu yangu wa Tandika, kabla sijakujibu ni haki yako kujua anayekujibu ni nani. Mimi ni mtu wa Tanga na timu yangu ni Coastal Union, mabingwa wa Tanzania Bara wa mwaka 1988, jambo ninalolitaja kila ninapopata upenyo kwa sababu halijajirudia. Ugomvi wenu wa Kariakoo nautazama kama mtu anayetazama majirani wawili wakigombea uchochoro: nawafahamu wote, sina hisa, na kelele hazinipi usingizi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hiyo haina ushabiki. Msimu wa 2021/22 ulikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Yanga ilimaliza na pointi 74 bila kufungwa mechi hata moja, ikiwa imeshinda 22 na kutoka sare 8. Simba ilishika nafasi ya pili kwa pointi 61. Sasa tuzichukue suluhu zile mbili, ya tarehe 11 Desemba 2021 na hiyo iliyokuharibia futari, tuzigeuze zote ziwe ushindi wa Simba. Kila mechi ingekuongezea pointi 2, ukafika 65, na ingempunguzia shemeji yako pointi 1, akashuka hadi 72. Bado angekuacha kwa pointi 7. Kwa hiyo shemeji anakosea, lakini usikimbilie kumwambia, kwa maana hesabu hii inakuumiza wewe zaidi kuliko yeye: inaonyesha kwamba hata mngewafunga nyumbani na ugenini, kombe lingekwenda Jangwani, makao ya Yanga, vilevile.

Ubingwa wenu uliondokea wapi, basi? Uliondokea njiani. Mlianza ligi kwa suluhu na Biashara United kule Musoma, na ilipofika Januari 2022 mkaanza ziara ambayo naamini ndiyo iliyomaliza kila kitu. Mlifungwa 1-0 na Mbeya City katika uwanja wa Sokoine, mkatoka suluhu na Mtibwa Sugar pale Manungu, kisha mkapanda hadi Bukoba, ambako Kagera Sugar iliwafunga 1-0 Kaitaba. Pointi 9 zilikuwa mezani, mkaokota 1. Sikumbuki kumwona shabiki wa Simba aliyerudi na tende mfukoni kutoka Manungu. Viwanja vile vina nyasi zinazoupunguza mpira kasi, vina wenyeji wanaoisubiri mechi hiyo mwaka mzima, na shabiki wa Dar es Salaam huvifuatilia kwa sikio moja huku akifanya shughuli nyingine, lakini pointi zake zinalingana kabisa na za Mkapa.

Kuhusu kocha kuogopa, naomba tuzitazame mechi zenyewe, moja baada ya nyingine. Timu yenu ya Desemba 2021 haikuwa ile iliyosifiwa kwa pira biriani, yaani soka tamu la kuvutia. Clatous Chama alikuwa ameuzwa RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone ameuzwa Al Ahly ya Misri, wote wawili katika dirisha moja la usajili. Hao ndio waliokuwa wakiifungua milango iliyofungwa, mmoja kwa pasi na mwingine kwa mbio, na timu iliyopoteza watu wa namna hiyo huendelea kumiliki mpira bila kupata pa kuupeleka. Upande wa pili Yanga ilikuwa imejaza katikati ya uwanja Khalid Aucho na Yannick Bangala, watu ambao kazi yao ya kwanza ni kuhakikisha kwamba hutokei. Unapokutana na ukuta wa aina hiyo huku mshona pasi wako yuko Morocco, suluhu si woga wa mtu yeyote, ni kipimo cha kile kilichobaki kikosini.

Chama alirejea Januari, ni kweli, lakini mechi ya Aprili ilikuwa na mzigo mwingine. Tarehe 24 Aprili, siku sita tu kabla ya futari yako ya mzunguko, Simba ilikuwa Soweto, Afrika Kusini, ikirudiana na Orlando Pirates katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mlikwenda na mtaji wa ushindi wa 1-0 wa nyumbani, mkafungwa 1-0, mkatolewa kwa mikwaju ya penalti 4-3. Wachezaji walirudi na miguu iliyochoka na, nadhani hili ndilo zito zaidi, na akili iliyokuwa bado imekaa kwenye penalti iliyopotea. Yanga ilikuwa ikiwasubiri Dar es Salaam, inaongoza ligi, haijafungwa, na pointi moja ilikuwa inamtosha kabisa.

Hapo ndipo ilipo siri ya suluhu nyingi za watani. Ubao wa matokeo husomeka 0-0 kwa wote wawili, lakini pointi ile moja haiwi na uzito mmoja kwa wote wawili. Anayeongoza huipokea kama kodi iliyolipwa kwa wakati. Anayefukuza huipokea kama deni lililosogezwa mbele. Timu inayoongoza haina sababu ya kuwapandisha mabeki wake wa pembeni dakika ya 80, kwa kuwa kila shambulizi unaloanzisha unaacha mlango wazi nyuma yako, na mlango huo dhidi ya mtani unaweza kukugharimu mwaka mzima. Kwa hiyo ulichokiona siku ile ni timu moja iliyokuwa imechoka ikijaribu kushinda, na nyingine iliyokuwa na kila sababu ya kutofungwa.

Tena nakataa kabisa kusema kwamba hakuna kilichotokea. Wewe ulikuwa ukiutazama mpira. Laiti ungemtazama beki wenu Henock Inonga, ungeila ile tende bila kujilaumu. Fiston Mayele wa Yanga alimaliza msimu ule na mabao 16 ya ligi, moja tu nyuma ya George Mpole wa Geita Gold aliyechukua kiatu cha mfungaji bora, na katika dakika zote 180 za ligi dhidi yenu hakupata hata moja. Inonga hakumwachia nafasi ya kugeuka. Mshambuliaji wa aina ya Mayele huishi kwa hatua moja: akipokea mpira huku amekupa mgongo, akageuka, umekwisha. Inonga alikuwa akifika kabla ya kugeuka huko, si baada yake, akiugusa mpira kwa ncha ya kiatu au akimsukuma mwenzake kwa bega kiasi ambacho refa hawezi kupuliza. Ni kazi isiyo na bao la kushangilia, ndiyo maana watu hutoka uwanjani wakisema hawakuona kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Aprili 2023, Inonga huyo huyo ndiye aliyefungua ushindi wenu wa 2-0 dhidi ya Yanga, mapema mno, wengine wakiwa bado wanatafuta viti vyao.

Nikukubalie jambo moja, kwa sababu nawe una haki yako. Ukizijumlisha mechi zote nne za watani za msimu ule, yaani Ngao ya Jamii ya Septemba 2021, mechi ya kufungua msimu, ambayo Mayele aliwafunga, suluhu mbili za ligi, na nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani iliyochezwa CCM Kirumba, Mwanza, mwezi Mei 2022, ambayo Feisal Salum aliimaliza kwa shuti la mbali, mtajikuta mmecheza dakika 360 dhidi ya Yanga bila kufunga bao hata moja. Hilo ndilo lalamiko halali. Ungemwambia shemeji yako kwamba unakerwa na ukame wa dakika 360, asingekuwa na la kukujibu zaidi ya kucheka; lakini ukimwambia habari ya kocha mwoga, unampa nafasi ya kuleta msimamo wa ligi mezani.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo tamu. Tunawaita Simba na Yanga watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Utani, kama wanavyouishi Wahehe na Wangoni waliopigana vita vikali karne ya 19 kisha wakawa watani, una kanuni zake: aliyepatwa huvumilia, asiyepatwa husema, na kesho zamu hugeuka. Mtani huja msibani kwako akakuchekesha mbele ya jeneza, naye hukubaliwa, kwa kuwa kila mtu anajua siku ya msiba wake utakwenda kumlipa. Mabao matano ya Novemba 2023 yalikuweka wazi upande wa msiba. Ulinyamaza, ukazima simu, ukapokea picha za vidole vitano asubuhi na jioni, na baada ya wiki mbili maneno yakawaishia. Isitoshe nawe ulikuwa na akiba: mabao matano bila majibu ya tarehe 6 Mei 2012, na ukiwa na mzee nyumbani, yale sita ya 1977, ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake. Deni na malipo vilikuwa vinajulikana.

Suluhu haimpi mtu zamu. Wewe huwezi kusema, shemeji hawezi kunyamaza, na utani unabaki ukining'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Ndiyo maana mmegeukia kubishana kuhusu ubingwa na makocha: mnatafuta nani ni mfiwa, na ubao haukuwaambia.

Linganisha na sare ya 3-3 ya tarehe 20 Oktoba 2013. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0, Simba ikarudisha yote matatu kipindi cha pili. Kwa pointi ilikuwa sare kama nyingine yoyote, lakini ninyi mlitoka uwanjani mkiimba na wao wakatoka kimya. Zamu ilikuwa imetolewa, japo ubao ulisema hapana. Au chukua Ngao ya Jamii ya tarehe 13 Agosti 2023, hapa kwetu Mkwakwani. Dakika 90 ziliisha bila bao, na aliyekuwa nyuma yangu alianza kulalamika kama unavyolalamika wewe. Kisha zikaja penalti, Ally Salim akazipangua tatu, Simba ikashinda 3-1, na mlalamikaji yule akanikumbatia mimi, mtu wa Coastal Union, mpaka kofia ikaanguka. Mpira aliouona katika dakika zile 90 haukubadilika hata kidogo. Alichopata ni ruhusa ya kusema.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza na sina timu kati ya hizo mbili. Wenzangu wa bwenini wanadai kwamba mechi ya watani ikiisha bila bao ni lazima iwe imepangwa, hasa ikitokea mara mbili katika msimu mmoja. Je, kuna namna ya kulipima dai hilo?

JIBU

Mwanangu wa Mwanza, yaliyomo moyoni mwa watu hayapimwi kwa ubao wa matokeo, lakini ubao wenyewe unapimika, na unasema kwamba suluhu si ajabu hata kidogo. Mwaka 1837 mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson alichapisha kanuni inayoeleza matukio machache yanayotokea kwa nadra katika muda maalumu, na mabao ya soka huifuata kanuni hiyo kwa ukaribu wa kutosha. Tuseme timu mbili zinalingana na kila moja inatarajiwa kufunga wastani wa bao 1 kwa mechi. Kanuni hiyo hutoa uwezekano wa takriban asilimia 13.5 kwamba hakuna atakayefunga, yaani kama mechi 1 katika kila 7. Ukiwapa washambuliaji uhai kidogo, wastani wa bao 1.25 kwa kila timu, unashuka hadi asilimia 8 hivi. Ukiwabana, wastani wa robo tatu ya bao kwa kila timu, unapanda hadi asilimia 22, zaidi ya mechi 1 katika 5.

Mechi ya watani ni mechi iliyobanwa. Makocha huongeza kiungo mkabaji, mabeki hawapandi, na waamuzi wanajua kila filimbi yao itajadiliwa wiki nzima. Tukichukua mechi 1 katika 5, basi uwezekano wa kupata suluhu zote mbili katika msimu mmoja ni 1 katika 25. Ligi yetu ilianza mwaka 1965. Katika misimu yote hiyo tulipaswa kuliona jambo hilo walau mara moja au mbili bila mtu yeyote kupanga chochote, na lililokuwa la kushangaza zaidi lingekuwa kutoliona kabisa. Waambie wenzako walete ushahidi mwingine. Huu hautoshi hata kwa mahakama ya bwenini. Na kwa kuwa uko chuoni, chukua matokeo ya misimu mitano uhesabu mwenyewe, maana hesabu yangu imejengwa juu ya makadirio ya wastani, nayo makadirio hayo ni ya kwangu.

SWALI

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Mombasa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mpenzi wa Gor Mahia. Huku kwetu mechi isiyo na bao huitwa sare tasa, lakini watangazaji wa Tanzania husema suluhu. Wanafunzi wangu wananiuliza ipi ni sahihi, nami nimewaahidi jibu.

JIBU

Mwalimu, zote mbili ni sahihi, ila hazina ladha moja. Tasa ni asiyezaa, na sare tasa humchora mtazamaji aliyesubiri kizazi kisichokuja. Ni neno kali, na kwa mtu aliyerudi na tende mfukoni linafaa sana. Suluhu inatokana na Kiarabu, na ndimo mlimotoka kusuluhisha: ni mapatano ya waliogombana. Waandishi wa michezo wa Dar es Salaam wengi wameligawa hivi: mkifungana 1-1 au 3-3 ni sare, msipofungana kabisa ni suluhu. Mgawanyo huo unapendeza kwa kuwa unaokoa maneno. Msomaji akiona kichwa cha habari kinachosema watani wametoka suluhu, hana haja ya kutafuta matokeo chini. Kasoro yake ni moja, kwamba sijawahi kuona watu wasiopatana kama mashabiki wanaotoka kwenye suluhu.

Ninyi mna mechi yenu ya Gor Mahia na AFC Leopards, ambayo mmeiita ya Mashemeji kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana vya kutosha, na msomaji wetu wa Tandika angeielewa bila kufafanuliwa. Katika insha za wanafunzi wako acha sare tasa isimame, kwa kuwa ndiyo watakayoisikia redioni na kuisoma gazetini. Wakivuka mpaka wa Lunga Lunga kuja Horohoro, waandike suluhu, na wakimkuta mzee anayesema droo wasimsahihishe.